Jenerali Hobart na Vifaru Vyake vya Ajabu

Mhariri wa gazeti letu amenitaka muhula huu niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, akaniachia nimchague mwenyewe. Nimemchagua Meja-Jenerali Percy Hobart, mwanajeshi Mwingereza aliyekufa mwaka 1957. Jina lake halimo katika vitabu vyetu vya darasani, lakini watu wanaotafuta na kutunza magari ya vita ya zamani, huko Uingereza na Ufaransa, hulitaja kila mara. Kilichonisukuma ni picha aliyoniletea mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu. Ilikuwa picha ya kifaru kilichoning'inizwa minyororo mingi mbele yake, naye akaniuliza kama hiyo ni mashine ya kulimia. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, kwa maana mashine ile kweli ilikuwa ikichapa udongo, ila si kwa ajili ya mahindi. Nilimwahidi jibu refu, na jibu lenyewe ndilo hili.

Hobart alizaliwa tarehe 14 Juni, 1885, huko Naini Tal, mji wa milimani kaskazini ya India, nchi ambayo baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza. Alisomeshwa Uingereza katika shule ya Clifton, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, na mwaka 1904 akawa afisa katika Jeshi la Wahandisi. Kazi ya askari hao si kupiga bunduki tu. Hujenga madaraja, hufungua njia, huvunja kuta na kuondoa vizuizi. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa sababu ndilo lililomfaa Hobart miaka 40 baadaye.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana Ufaransa, akapata nishani ya Military Cross katika mwaka 1915 kwa ushujaa wake penye mapigano ya Neuve Chapelle. Halafu alipelekwa Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, na huko akapatwa na kisa ambacho mimi nakiona kuwa mwanzo wa habari yote. Mwezi wa Machi 1918 ndege aliyokuwamo iliangushwa, na askari wa Kituruki wakamteka pamoja na mwenzake, wakaanza kuwapeleka mbali nyuma ya mstari wa vita kwa njia ya Aleppo. Askari wa miguu wasingaliweza kuwafikia, wala wapanda farasi. Lakini kikosi kidogo cha magari ya deraya ya Kiingereza kilikwenda mbio katika barabara ya jangwani, mbele sana ya jeshi lake, kikawakuta mateka wale njiani pamoja na walinzi wao, kikawakomboa. Tangu siku ile Hobart hakuhitaji kuhubiriwa na mtu faida za injini na bamba la chuma.

Mwaka 1923 aliacha uhandisi kwa hiari yake, akajiunga na Jeshi la Vifaru. Wakati huo maafisa wengi walikuwa na hakika kwamba kifaru kimekwisha kazi yake, na ya kuwa farasi ndiye mwenye heshima. Hobart alisema kinyume, na alisema kwa sauti kubwa. Wenzake walimwita Hobo. Alikuwa mkali, mchapa kazi, asiyevumilia uvivu wala ujinga, na ulimi wake ulimzalia maadui hata mahali ambapo angeweza kupata marafiki. Mwaka 1928 alimwoa mwanamke aliyekuwa kabla ya hapo mke wa afisa mwingine, na jambo hilo nalo likasengenywa sana katika mabaraza ya maafisa. Dada yake, Betty, aliolewa mwaka 1927 na Bernard Montgomery, yule aliyekuja kuwa jemadari mashuhuri. Bahati mbaya Betty aliumwa na mdudu mwaka 1937, jeraha likaingia sumu, akafa.

Katika mwaka 1934 Hobart alipewa brigedi ya kwanza ya vifaru ya kudumu katika jeshi la Uingereza. Alizoeza vifaru vyake katika uwanda wa Salisbury kwenda kama kundi moja, vikiongozwa kwa simu ya upepo, usiku na mchana, mbali na askari wa miguu. Wajerumani, ambao walikuwa wakiunda jeshi jipya la vifaru, walifuatilia mazoezi hayo kwa bidii, na nadhani waliyathamini kuliko wakubwa wake mwenyewe. Mwaka 1938 alipelekwa Misri kuunda divisheni ya magari na vifaru. Alikuta vyombo vichache tena vikuukuu, akavifanyia mazoezi jangwani mpaka watu wake wakajua kuishi, kusafiri na kutengeneza magari mchangani. Divisheni ile ndiyo iliyojulikana baadaye kwa jina la Panya wa Jangwani. Lakini Hobart hakuiongoza vitani. Aligombana na mkubwa wake, Jenerali Wilson, na mwisho wa mwaka 1939, vita vikiwa vimekwisha anza, akaondolewa. Jenerali Wavell alikubali aondolewe. Mwezi wa Machi 1940 akastaafishwa.

Sasa tazameni mambo ya dunia. Mwezi wa Mei mwaka ule ule vifaru vya Wajerumani vilipita Ufaransa kama maji ya mafuriko, kwa namna ile ile aliyokuwa akiifundisha Hobart. Naye wakati huo alikuwa nyumbani kijijini Chipping Campden, umri wake karibu miaka 55. Hakukaa akinung'unika. Alijiandikisha katika askari mgambo wa kijiji, akapewa cheo cha lansi koplo, yaani tepe moja begani. Mtu aliyewahi kuamrisha divisheni nzima sasa alikuwa akipanga zamu za usiku za wakulima na wenye maduka. Katika maisha yake yote mimi napenda mahali hapa kuliko pengine popote.

Habari hizo zilifika magazetini, kisha masikioni mwa Waziri Mkuu, Winston Churchill. Majenerali walimwambia kuwa Hobart ni mtu wa shida. Churchill hakujali, vita, kwa maoni yake, havikuwa wakati wa kutafuta watu watulivu tu. Mwaka 1941 Hobart alirudishwa kazini na kuunda Divisheni ya 11 ya Deraya, ambayo alama yake ilikuwa fahali mweusi juu ya rangi ya manjano. Mwaka 1942 walijaribu tena kumwondoa, safari hii kwa ajili ya afya na umri wake, na Churchill akamkinga tena.

Katika Agosti mwaka huo ulitokea msiba wa Dieppe. Jeshi lililokuwa na Wakanada wapatao 5,000 lilishushwa tarehe 19 katika pwani ya Ufaransa, na kabla ya adhuhuri mambo yalikuwa yameharibika kabisa. Wakanada zaidi ya 900 walipoteza maisha. Vifaru vingine vilikwama juu ya kokoto za ufukoni, cheni zikakatika; vingine vilizuiwa na kuta za zege. Askari wahandisi waliokuwa wavunje kuta hizo kwa baruti walipigwa risasi wakiwa wazi, mizigo yao mikononi. Fundisho lilikuwa la uchungu lakini lilikuwa wazi: mhandisi apewe nyumba ya chuma ya kufanyia kazi yake. Afisa mmoja wa wahandisi wa Kanada, jina lake Denovan, alitoa shauri la kumtia ndani ya kifaru kizito kinachoitwa Churchill, ambacho kilipewa jina la Waziri Mkuu.

Ndipo, katika Machi 1943, Jenerali Alan Brooke, mkuu wa majeshi ya nchi kavu, alipomwita Hobart na kumpa kazi mpya. Divisheni ya 79 aliyokuwa akiiunda ilikuwa karibu kuvunjwa kwa uhaba wa watu na vyombo. Badala ya kuivunja, iligeuzwa iwe divisheni ya mashine za kazi maalum, za kufungua njia katika siku ya kushuka Ufaransa. Hapo mhandisi wa 1904 na mtu wa vifaru wa 1923 wakakutana katika mwili mmoja.

Mashine zenyewe askari waliziita vichekesho vya Hobart. Ile ya picha ya mwanafunzi wangu iliitwa Crab, maana yake kaa. Mbele ya kifaru cha Sherman kulikuwa na pipa linalozungushwa na injini, limefungwa minyororo 43. Minyororo ilichapa ardhi na kuyalipua mabomu yaliyotegwa, na kifaru kikafuata polepole, kama kilomita mbili kwa saa, mtoto angeweza kukipita. Wazo la kuchapa mabomu kwa minyororo lilitoka kwa Mwafrika Kusini, Abraham du Toit, na chombo cha namna hiyo kiliwahi kutumika El Alamein katika 1942. Kifaru cha wahandisi, AVRE, kilikuwa Churchill chenye mzinga mfupi mnene wa milimita 290, uliorusha bomu la kilo 18 hivi kwenda kuvunja zege kwa karibu sana. Kuupakia ilibidi mtu afungue mlango mdogo na kutoa mikono yake nje, risasi zikilia. AVRE nyingine zilibeba daraja la mita 9, nyingine mzigo mkubwa wa fito wa kujazia mahandaki, nyingine roda ya turubai iliyojitandaza juu ya matope kama jamvi ili magari yapite. Crocodile, yaani mamba, kilikokota trela yenye lita 1,800 hivi za mafuta na kutema moto umbali wa mita 100. Silaha hiyo ilikuwa ya kutisha, na sitaisifu.

Lakini cha ajabu kuliko vyote kilikuwa kifaru cha kuogelea, DD. Straussler, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, alikizungushia Sherman pazia la turubai lililosimamishwa kwa hewa, akatia rafadha mbili nyuma. Chuma cha tani zaidi ya 30 kikaelea, kwa sababu pazia lilisukuma maji ya uzito sawa na wake. Wanafunzi wa fizikia mnamkumbuka Archimedes. Bahari ikichafuka, hata hivyo, turubai ni turubai. Tarehe 4 Aprili 1944, katika mazoezi ya ghuba ya Studland, pwani ya kusini ya Uingereza, vifaru vya Valentine vya namna hii vilizama na watu 6 wakafa.

Watu wengine husema Hobart ndiye aliyevumbua mashine hizi zote. Si kweli. Karibu zote zilikuwa na baba zao wengine. Kazi yake ilikuwa kuzikusanya, kuzijaribu, kukataa zisizofaa, kuvigombeza viwanda, na kuwafundisha watu kuzitumia pamoja mpaka kila mmoja akajua zamu yake ufukoni, nani mbele, nani nyuma. Kwa maoni yangu kazi hiyo ni ngumu kuliko uvumbuzi, wala haiandikwi sana.

Siku ilifika, tarehe 6 Juni 1944. Katika fukwe za Normandy walikopita Waingereza na Wakanada, mashine hizi zilishuka na askari wa mwanzo kabisa, zikafungua njia ndani ya saa chache ingawa nyingi ziliungua. Wamarekani walitumia vile vya kuogelea. Kwenye ufuko ulioitwa Omaha, kikosi kimoja cha Kimarekani kiliteremsha vifaru 29 mbali na pwani katika mawimbi makubwa, na 27 vikazama. Mwaka huo babu zetu wa King's African Rifles walikuwa upande mwingine wa dunia, katika vita vya Burma, ambako tope lilikuwa adui sawa na Mjapani. Kila mmoja alikuwa na ufuko wake.

Divisheni ya 79 iliendelea mpaka mto wa Rhine na kuuvuka, ikavunjwa Agosti 1945. Hobart alikuwa amekwisha pewa heshima ya Sir katika 1943. Alistaafu mara ya pili mwaka 1946, akatumika kuanzia 1948 hadi 1953 kama naibu wa gavana wa nyumba ya wazee wa jeshi ya Chelsea, London, akafa Farnham tarehe 19 Februari 1957.

Na vifaru vyake je? Hapa ndipo habari inaponisikitisha. Amani ilipokuja, hakuna aliyehitaji kifaru cha kuchapa udongo. Vingi vilikatwa vikauzwa kuwa vyuma chakavu. Vingine viling'olewa minyororo, mapazia na trela vikarudishwa kuwa vifaru vya kawaida, na vingine vikawekwa viwanjani kuwa shabaha za mizinga. Hata nyumba ya makumbusho ya vifaru iliyoko Bovington, katika jimbo la Dorset, ilipoteza vingi vya zamani wakati wa vita kwa sababu chuma kilitakiwa. Makumbusho hayo yalianza baada ya Vita ya Kwanza, pale mabaki yaliporundikwa uani, na mwandishi Rudyard Kipling alipopita mwaka 1923 akashauri yahifadhiwe. Leo pale Bovington unaweza kuona AVRE, Crab, Crocodile na Sherman DD.

Kwa kuwa vimebaki vichache, watu wanaovitafuta hawana budi kuwa kama wapelelezi. Mtu hukuta Churchill shambani au uwanja wa shabaha, kimeota kutu, hakina mzinga wala namba. Je, kilikuwa kifaru cha kawaida au AVRE? Hutazama mbele na ubavuni, kama kuna vishikizo vilivyounganishwa kwa moto ili kushika daraja au roda. Kwenye Sherman hutazama nyuma kama pana alama za rafadha, na ukingo wa chini kama pana chuma cha kushikia pazia. Kisha hukwangua rangi pole pole, tabaka baada ya tabaka, wala si kwa msasa wa haraka, maana chini ya rangi ya amani huenda ikapatikana alama ya divisheni: kichwa cha fahali ndani ya pembetatu ya manjano. Namba ya usajili nayo husema. Jeshi la Uingereza lilitia herufi mbele ya namba: T kwa vifaru, F kwa magari ya deraya, L kwa malori, M kwa motokaa, C kwa pikipiki, A kwa magari ya wagonjwa. Namba ya kiwandani iliyogongwa katika chuma hushinda rangi yoyote, kwa sababu rangi hupakwa na kila mwenye gari.

Halafu huja ubishi ambao haujaisha hata sasa. Wako wanaotaka gari litengenezwe ling'ae na injini ilie. Wako wanaosema kila bamba jipya linafuta ushahidi, bora kutu izuiwe na tundu la risasi liachwe lilivyo. Mimi niko upande wa hawa wa pili pale ambapo chombo ni cha mwisho au karibu na mwisho, na upande wa kwanza pale ambapo vipo vingine vya kulinganisha. Kifaru kilichotoka baharini kina shida yake zaidi: chumvi imeingia ndani ya chuma, na kikipata hewa huoza upesi kuliko kilipokuwa majini.

Kiko kimoja cha namna hiyo huko Torcross, pwani ya Devon. Ni Sherman DD cha Kimarekani kilichozama katika mazoezi ya 1944. Mwenye nyumba ya wageni wa pale alisikia kutoka kwa wavuvi juu ya kitu kilichokuwa kikinasa nyavu zao, akakinunua kwa serikali ya Marekani kwa dola 50, akahangaika miaka kadhaa, na mwaka 1984 kikavutwa ufukoni, rafadha zake zikiwa bado nyuma. Kimepakwa dawa nyeusi, kinasimama wazi, ni ukumbusho wa Wamarekani zaidi ya 700 waliokufa katika zoezi moja la Aprili mwaka ule. Wageni wengi hudhani kilizama katika zoezi hilo lenyewe. Kilizama katika jingine.

Vile vya Valentine vya Studland vimeachwa chini ya bahari pamoja na samaki wake. Mwaka 2019 serikali ya Uingereza ilivitia vifaru saba katika ulinzi wa sheria, na mzamiaji anaweza kuvitazama lakini haruhusiwi kuondoa kitu.

Na huko Graye-sur-Mer, Normandy, AVRE moja ilidumbukia katika shimo la maji asubuhi ya siku ya kushuka. Hapakuwa na nafasi ya kuitoa, kwa hiyo wenzao walitupa fito juu yake na kuweka daraja, na jeshi likapita juu ya mgongo wake. Watu wake sita walitoka wakajificha kwenye vichuguu vya mchanga. Kombora likaanguka hapo, wanne wakafa. Kifaru kilibaki chini ya njia miaka 32. Mwezi wa Novemba 1976 kilichimbuliwa, kikasafishwa, na sasa kimesimama karibu na mahali pale pale, mzinga wake mfupi ukiwa mahali pake.